Pengo Kwenye Kisigino cha Wembe

Nyinyi vinyozi vijana wa hapa Eldoret mna bahati moja na hasara moja. Bahati yenu ni mashine ya umeme. Hasara yenu ni kwamba mashine hiyo haijawahi kuwafunza mkono. Sasa wateja wamerudi kutaka ndevu zichongwe kwa wembe mrefu wa kukunja, ule wa zamani, na nyinyi mnaagiza kwa simu wembe wa chuma kisichoshika kutu, unang'aa kama kijiko cha harusi. Siku mbili baadaye mnabisha mlangoni kwangu.

Wiki jana alikuja mmoja kutoka Kesses, anayenyoa wanafunzi wa chuo. Alikuwa ameufunga wembe wake kwa soksi.

"Mzee Ezra, hii kitu ni fake," akaniambia hata kabla ya kuketi. "Nimeinoa two hours na bado inavuta ndevu. Customer amelia machozi."

Nikavaa miwani, nikachukua kioo changu cha kukuza, nikatazama. Makali yalikuwa na meno kama msumeno mdogo.

"Si feki," nikamwambia. "Umeukanyaga."

"Nimeukanyagaje, Mzee, na haujawahi kuanguka?"

Nikacheka. Neno hilo si langu, nililirithi. Nikamwambia aketi, chai ipo, na nikamweleza haya ninayowaandikia sasa. Nimestaafu, wakati ninao, na nimechoka kurudia hadithi moja kwa kila mmoja wenu.

Niliingia kazini kwa Mzee Kariuki nikiwa kijana niliyetoka upande wa ziwa, sijui mtu mjini isipokuwa binamu aliyenipa pahali pa kulala. Mzee Kariuki alikuwa kinyozi wa watu wa kati ya mji: makarani, walimu, wenye ng'ombe wa maziwa kutoka Kapseret waliokuja siku ya benki. Duka lilikuwa na viti viwili, kioo kimoja kirefu, na pazia la maua kule nyuma. Wateja wote walimsifu Mzee kwa mkono mwepesi. Walisema wembe wake unapita usoni mtu akisinzia. Yeye alijibu, "Asante, asante," na kusonga mbele.

Mimi nilikaa pale miezi miwili kabla sijajua kwamba Mzee Kariuki hakuwa akinoa hata wembe mmoja. Nyuma ya lile pazia alikaa mkewe, Mama Njeri, mama wa Burnt Forest aliyekuzwa kwenye viazi na mahindi, na ndiye aliyekuwa akinoa nyembe zote za duka. Siku hizo mwanamume hangekubali kuketi akijua wembe umetoka kwa mkono wa mwanamke, kwa hivyo sifa zilibaki mbele na kazi ikabaki nyuma. Nilipomuuliza Mama kama hilo halimuudhi, alisema, "Wacha wasifu. Mimi nikisikia mtu ametoka hapa bila damu, hiyo inanitosha." Sikumwamini kabisa. Hata leo siamini. Lakini alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye jiwe.

Mama alikuwa akinoa kwa masikio. Alikuwa na mawe matatu, la kukwaruza, la katikati na la kumalizia, na kila moja lilikuwa na sauti yake. Nilipoanza kujifunza aliniacha na jiwe, yeye akaenda kukata sukuma wiki kwenye meza ya pembeni, na bado alinisikia.

"Ezra! Unakanyaga!"

Kukanyaga maana yake ni kusukuma wembe kwenye jiwe kwa nguvu. Wembe ukinolewa vizuri unanong'ona. Ukikanyagwa unakwaruza, na hapo makali yanapinda, kisha yanameguka vipande vidogo ambavyo jicho halivioni lakini kidevu kinavijua.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nyote mnapokosea. Wembe wa zamani wa chuma cha kushika kutu ulikuwa mpole. Ulikubali jiwe upesi, na ukikosea kidogo ulikusamehe. Huu wa chuma kisichoshika kutu ni mbishi. Unaupitisha kwenye jiwe mara hamsini, unaona kama hakuna kilichotokea. Kijana anachoka, anasema ngoja nitie nguvu kidogo. Hiyo kidogo ndiyo inayovunja. Chuma hiki hakitaki nguvu, kinataka muda. Laza wembe bapa juu ya jiwe, mgongo na makali vyote vimegusa, sukuma kama unayelinyoa jiwe lenyewe, kwa uzito wa wembe tu. Ukifika mwisho ugeuze kwa mgongo, usiugeuze kamwe kwa makali. Nyoosha jiwe lako kwa msasa juu ya kipande cha kioo kabla ya kuanza, maana jiwe lenye bonde linakudanganya. Na ukitoka kwenye jiwe la kukwaruza kwenda la katikati, osha wembe, osha jiwe, osha na mikono. Punje moja ya jiwe la kukwaruza ikikufuata hadi jiwe la mwisho, ujue imekuja kukutolea pengo.

Haya yote niliambiwa. Kuambiwa si kujua.

Mzee Kariuki alikuwa na wembe wake mwenyewe. Daktari mmoja mteja wake alimwachia alipohama, wembe wa chuma kisichoshika kutu, mpini mweusi, wa pekee mjini kwa wakati huo au sisi tuliamini hivyo. Hakuna mteja aliyenyolewa kwa ule. Ulikuwa wa uso wa Mzee tu, na aliyemnyoa Mzee alikuwa Mzee mwenyewe, kila asubuhi kabla ya duka kufunguliwa. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Kwanza kikombe kilipiga kelele kwenye kisahani, baadaye alijikata sikioni. Siku moja akaketi kwenye kiti cha wateja, akaniambia, "Ezra, njoo." Ni hayo tu. Nilimnyoa mwaka mzima, na sijawahi kupewa heshima kubwa zaidi ya hiyo maishani mwangu. Mwanamume aliyenyoa nusu ya mji alinipa koo lake.

Ikafika Jumapili ambayo Mzee angesimikwa kuwa mzee wa kanisa. Jumamosi Mama Njeri alisafiri kwenda Burnt Forest kuleta jamaa, akaniachia wembe wa Mzee niunoe. Mara ya kwanza peke yangu! Nilianza vizuri. Lakini wembe ulikuwa mbishi, kama nilivyowaambia, na mimi nilikuwa na wateja mbele na kichwa kimevimba. Nikasema moyoni, Mama ananoa polepole kwa sababu ni mama, mimi nina mkono wa mwanamume. Nikakanyaga. Nikaruka kutoka jiwe la kukwaruza hadi la kumalizia bila kuosha kitu.

Nilipoutazama kwenye mwanga niliona mapengo matatu. Mawili madogo katikati, na moja kubwa kule nyuma karibu na mpini, pahali tunapopaita kisigino.

Ningeweza kumwambia Mzee usiku ule. Ningeweza kusema tu, Mzee, nimeharibu, tumia wembe mwingine kesho. Ni maneno machache. Badala yake niliuchukua ukanda wa ngozi nikaupiga wembe huku na huku mpaka ukang'aa, kana kwamba kung'aa ni kunoleka. Nikajiambia mapengo ni madogo. Nikajiambia nitapita polepole.

Asubuhi Mzee akaketi, akafumba macho. Nilipaka povu. Shavu la kulia likapita. La kushoto likapita. Nikaanza kupumua. Chini ya kidevu pengo likashika, na damu ikatoka nyingi kuliko nilivyodhani kidevu kinabeba. Hakupiga kelele. Aliufungua mkono wake unaotetemeka, nikampa shabu, lile jiwe jeupe la kuzuia damu, akalibana mwenyewe. Kisha akauomba wembe, akaushika kwenye mwanga wa dirisha.

"Ulikuwa unajua?"

Nikageuka kusuuza brashi ya povu.

"Ezra, nimekuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mzee."

Akasimama mbele ya kanisa zima na pamba kidevuni. Wimbo ukaimbwa, wakamwekea mikono, na mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa nikiangalia ile pamba. Siku iliyofuata aliniambia mambo mawili, mbele ya Mama. La kwanza, sifukuzwi. La pili, sitamnyoa tena.

"Pengo hata mimi nimetoa," akasema. "Mama hapa ametoa. Mimi sina shida na pengo. Lakini uliniona nikifunga macho na ukanyamaza."

Mwenzangu, huyo mzee akafuga ndevu! Kinyozi anayejulikana hadi Kapseret, ndevu zikaota, nyeupe, zikashuka hadi kifuani. Kanisani walidhani ni utakatifu wa cheo kipya. Wateja walimtania, "Kariuki, umekosa kinyozi?" Akawajibu, "Nangoja mmoja." Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pili, nimeinamia kichwa cha mtu, na masikio yanawaka. Kila ndevu iliyoota kwenye kile kidevu niliihesabu kuwa yangu.

Mama Njeri ndiye aliyenichukua. Alinipeleka nyuma ya pazia akaweka ule wembe mkononi mwangu. "Kwanza uue," akasema.

Sikuelewa. Akanionyesha. Wembe wenye mapengo hauponi kwa kunolewa juu juu. Unausimamisha wima, makali yakitazama chini, na unayaburuta juu ya jiwe kama unayekata mkate, mpaka yawe butu kabisa, mpaka chuma kishuke na kufikia sakafu ya pengo. Unaua makali yote ili yazaliwe upya yakiwa sawa. Vijana wengi hawana moyo wa kufanya hivyo. Nami sikuwa nao. Nilikuwa nimeshauharibu wembe mara moja kwa siri, na sasa naambiwa niuharibu tena hadharani, naye Mzee yuko pale mbele anasikia ile sauti mbaya ya chuma kikifa.

Mapengo mawili ya katikati yakaisha. La kisiginoni lilikuwa na kina zaidi, likabaki. Nikataka kuendelea, Mama akanishika kiganja.

"Hilo wacha. Tukilifuata tutamaliza chuma yote bure, na huko kisigino hainyoi uso. Litaisha lenyewe, kidogo kidogo, ukiendelea kunoa vizuri. Ukikanyaga, litakuambia."

"Litachukua muda gani, Mama?"

"Unaenda wapi?"

Kabla ya kuniruhusu kuyarudisha makali, alinifanyisha kitu ambacho sijaona kwa mwingine yeyote. Alijaza karai kubwa maji, akalaza ubao mnene wa mti wa sipresi juu ya maji, akaweka jiwe juu ya ubao. Ukaelea. Akanipa wembe mwingine mkuukuu usio na thamani. "Noa," akasema. Nikigusa kwa nguvu kidogo tu, ubao ulizama upande mmoja, maji yakafunika jiwe, na wakati mwingine jiwe likateleza likaanguka ndani kwa kishindo. Wateja kule mbele waliuliza kama kuna mtu anaoga. Siku za kwanza nililiopoa lile jiwe mpaka mikono ikakunjamana. Huko si kunoa, msije mkanukuu vibaya, wembe hauwezi kutoka sawa kwenye jiwe linaloyumba. Ni kufunza mkono. Siku nilipopiga mara mia na jiwe likabaki kavu, Mama alimwaga maji kwenye sukuma zake nje, akasema, "Sasa."

Nilianza kuurudisha ule wembe wa Mzee wakati watu wanapanda mahindi. Kidogo kila jioni. Wino wa kalamu nilipaka pembeni mwa makali ili nione jiwe linagusa wapi. Jaribuni hiyo, inafichua uongo wote. Karibu na mwisho nilipunguza mapigo, moja upande huu, moja upande ule, maana chuma hiki hutoa unyuzi mwembamba ukingoni ambao unajifanya makali, na usipouondoa taratibu utang'oka wenyewe na kuacha mapengo mapya. Ukanda wa ngozi nao, mgongo ukitangulia, umevutwa sawasawa. Mama alipima kwa ukucha wa kidole gumba uliolowa, akivuta wembe juu yake pole, bila uzito wowote. Mahali palipo sawa ukucha husikia utelezi. Penye pengo husikia mkwaruzo. Mara nyingi alinirudishia bila neno.

Wakati wa kuvuna, asubuhi moja, Mama alipima, akapima tena, akatoka na wembe mbele ya pazia. Hakuwa na kawaida ya kupita lile pazia duka likiwa na watu, na mlikuwamo watu. Akauweka mbele ya Mzee.

"Imepona," akasema.

Mzee akaniangalia. "Ezra. Iko na shida yoyote hii wembe?"

"Iko na pengo, Mzee. Kule kisigino. Haitagusa uso, lakini iko."

Mwalimu mmoja aliyekuwa akingoja zamu alisema baadaye kwamba alidhani nimerukwa na akili, kusema vile mbele ya wateja. Mzee alivua koti, akaketi, akaegemeza kichwa.

"Leta maji moto," akasema, akafumba macho.

Zile ndevu zilichukua karibu saa nzima. Sitasema uongo, nililia kidogo, na povu likanisaidia kuficha.

Mambo yalibadilika baadaye. Ukaja ule ugonjwa unaoambukizwa kwa damu, na ilikuwa sawa kabisa kukomesha wembe mmoja kupita kwenye nyuso nyingi. Tukaenda kwa nyembe za kutupa, kisha mashine. Nanyi msijaribu kurudi nyuma kwa hilo: wembe wa kunolewa ni wa mtu mmoja, ajulikane kwa jina. Mzee Kariuki alitutoka kwa amani, amenyolewa. Mama akanipa wembe. Miaka ya vurugu za uchaguzi Mama alikaa kwa dada yake Nakuru, na alipokimbia alibeba mawe matatu kwenye leso akaacha masufuria. Akarudi Burnt Forest, akajenga tena, na hapo ndipo yuko hadi leo, na macho karibu yameisha.

Mimi nimeendelea kuunoa ule wembe kila mwaka, sasa kwa uso wangu mwenyewe. Kila nilipomaliza nilitazama kile kisigino. Pengo likapungua likawa kama punje ya wimbi. Likawa doa. Mwaka huu nilitazama kwa kioo, nikageuza, nikaenda juani, nikatazama tena. Halikuwepo.

Nikapanda gari kwenda Burnt Forest siku hiyohiyo. Nilimkuta Mama ameketi mlangoni akichambua maharagwe kwa vidole.

"Mama, ni Ezra. Nimekuletea wembe upime."

Akapangusa mikono kwenye leso. Nikamfungulia wembe na kumshikisha mpini, nikampa maji kwenye kifuniko. Akalowesha ukucha, akavuta kutoka ncha, polepole, akishuka, macho yake yakitazama mbali bila kuona. Alipofika kisiginoni akasimama. Akarudia. Akatikisa kichwa.

"Bado liko," akasema. "Dogo, lakini liko. Kaza tu, Ezra."

Ni mama aliyenifunza kila nijualo. Haoni tena, na kitu pekee kilichobaki cha kazi yake ni ule ukucha. Nani anamwambia mama wa umri ule kwamba ukucha wake umekosea? Maneno "ndio, Mama" yalikuwa tayari mdomoni. Yangemfurahisha. Tungekunywa chai nirudi nyumbani. Nikakumbuka ile pamba.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Halipo. Nimetazama juani mara tatu. Limeisha."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa kwamba analia, na kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika kutoka mapajani.

"Hata mimi nimesikia halipo," akasema. Akaukunja wembe, akanirudishia mkononi. "Nilitaka kusikia kama utaninyamazia. Sasa ndio limeisha."